Mfumo Haulijui Gari Langu

Nyie wenye magari ya kawaida mnaishi raha, basi tu hamjui. Mnapiga simu bima, mnataja gari, mtu wa upande wa pili anasema sawa, mnalipa, mnaendelea na shughuli zenu. Mimi nimekata simu sasa hivi, sikio lina moto, chaji imekwisha, na kwa mujibu wa mfumo gari langu halipo duniani. Lipo hapo nje, naliona dirishani, lakini mfumo umesema halipo na si mnajua mfumo ukishasema.

Gari lenyewe ni Alfa Romeo Montreal ya 1973, rangi ya chungwa, V8. Najua wengine mshaanza kutikisa vichwa, tikiseni tu nimezoea. Ukiwa na gari la hivi kuliendesha ni kazi ndogo sana, kazi kubwa ni kulieleza. Anayejaza mafuta anataka maelezo. Trafiki anataka maelezo, ila huyu angalau akishaelezwa anapiga selfi anakuachia. Mtoto wa jirani keshaamua ni Ferrari na hataki kusikia lingine. Halafu kuna wazee fulani wakilikuta limepaki wanazunguka kwa nyuma kutafuta injini, kwa sababu ya yale matundu sita yaliyopangwa nyuma ya mlango wanajua gari la sura hii lazima injini ikae nyuma. Injini iko mbele mzee wangu. Haya, anakuja mbele, anaona tundu kwenye boneti, anauliza hili sasa ndio linapooza injini? Hapana mzee, hilo limezibwa, ni urembo. "Aaah," anasema, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Sasa huyu dada wa bima. Sauti tamu, adabu tele, maana wanafundishwa adabu makusudi ili ukose pa kupasukia.

"Aina ya gari, baba?"

"Alfa Romeo."

"Sawa. Modeli?"

"Montreal."

Kimya. Nasikia kibodi. "Samahani baba, sijauliza limetoka wapi, nauliza modeli."

"Ndiyo modeli yenyewe, dada. Montreal."

"Montreal ni mji, baba. Uko Kanada."

"Najua uko Kanada."

"Kwa hiyo limetengenezwa Kanada."

"Limetengenezwa Italia."

"Basi nimeelewa, liliuzwa sana Kanada."

"Kanada halikuuzwa rasmi hata kidogo, wala Marekani."

Kimya kingine, hiki kirefu. Nikaona hapa ndipo mtu mwenye busara zake anatakiwa kusaidia. Nikakaa vizuri kitini, nikakohoa kidogo, nikaanza kumpa historia kwa utulivu kabisa kama mhadhiri. Nikamwambia dada, mwaka 1967 kulikuwa na maonyesho ya dunia pale Montreal, yale ya Expo 67, Alfa Romeo wakapeleka magari mawili ya mfano yaliyochorwa kwa Bertone, kampuni ya Italia ya kuchora magari, na bwana mmoja anaitwa Marcello Gandini, huyu huyu aliyechora Lamborghini Miura. Magari yale hayakuwa na jina. Watu wakawa wanayaita tu la Montreal, la Montreal, mpaka jina likaganda. Lilipozinduliwa rasmi Geneva mwaka 1970 jina likabaki lile lile, ila injini ikabadilika, ile ndogo ya gari lao lingine la Giulia ikatoka, ikaingia V8 ya 2593 cc iliyotokana na gari la mashindano la Tipo 33...

"Baba," akasema, "simu hii inarekodiwa."

Sijui alitaka kunisaidia au kunitisha.

"Kwa hiyo jina walilitoa watu tu wa pale kwenye maonyesho?"

"Ndiyo."

"Na kampuni ikakubali?"

"Ikakubali."

"Sawa baba. Hapa kwenye orodha Montreal sina. Nina Giulietta, nina 159, nina MiTo. Nikuwekee MiTo?"

MiTo, ndugu zangu! Mnajua MiTo imetoka wapi? Ni Milano na Torino, wamekata vipande vya miji miwili wakaunganisha wakapata jina la kigari cha 2008. Yaani miji miwili mfumo umemeza bila maji, mji wangu mmoja ndio umeukaba koo. Nikamwambia dada, hapana, tafadhali usiniwekee MiTo. Akasema hamna shida baba, naweka MiTo kwa sasa ili tusonge mbele halafu kwenye maoni naandika kwamba ni ya zamani kidogo. Kidogo!

Tukasonga mbele. Namba ya chasisi. Nikamsomea: AR, halafu tarakimu saba.

"Endelea baba."

"Nimemaliza."

"Bado, baba. Zinatakiwa 17."

Nikameza mate. Nikamweleza kwamba hiyo habari ya tarakimu 17 Marekani wenyewe wameanza kuilazimisha kwa magari ya 1981, na hili langu wakati huo lilikuwa limeshaacha kutengenezwa, la mwisho lilitoka 1977. Akanisikiliza mpaka mwisho, sina lawama. Halafu akasema, "Basi tuongeze sifuri."

"Wapi?"

"Popote baba. Mfumo hauangalii sura, unahesabu tu."

"Dada, hiyo namba imegongwa kwenye chuma. Siku kukiwa na ajali mtu wenu akija kulinganisha ataona nini?"

"Atapiga simu huku, baba, na sisi tutamwambia zile sifuri ni zetu."

Naomba mnielewe, mpaka hapa bado nilikuwa na heshima zangu. Hata kwenye airbag nilikuwa mpole. Aliniuliza ziko ngapi nikamwambia hakuna, akasema chaguo dogo kabisa ni mbili, nikasema basi weka mbili, mimi na abiria. Kamera ya kurudi nyuma? Shingo. Akacheka kidogo, nikajua huyu ni binadamu, tutafika.

Ndipo tukafika kwenye thamani.

"Mfumo umekokotoa, baba. Unachukua bei, unapunguza kila mwaka. Thamani ya gari lako imetoka sifuri."

"Sifuri."

"Kusema ukweli ilitoka hasi. Nimekusaidia nikaweka sifuri."

Aisee hapa ndio heshima ilipotoka ikaniacha nimekaa peke yangu. Sifuri?! Yametengenezwa elfu tatu na mia tisa hivi dunia nzima, kuanzia 1970 mpaka 1977, halafu toa yaliyooza, toa yaliyogongwa, toa yaliyofungiwa kwenye mabanda ya matajiri hayaoni jua, yanayotembea barabarani ni mangapi? Na kila linalopungua, haya yaliyobaki yanapanda bei, hili si ni jambo mtoto anaelewa? Yaani likiibiwa leo mnanipa sifuri na pole? Ile pampu ya injeksheni peke yake fundi akitaja gharama ya kuifanyia ovahoo unaomba kiti, na yenyewe ni sifuri? Mnaijua ile pampu lakini? Ni ya kampuni ya SPICA, haina kompyuta hata chembe, ina vibastola vinane kimoja kwa kila silinda, na ndani yake kuna kipande cha chuma chenye mabondemabonde, ukikanyaga mafuta kinazunguka na kusogea, na yale mabonde ndiyo yanaamua petroli iingie kiasi gani. Watu walikaa wakalisaga lile bonde kwa hesabu! Mafundi wa kabureta wakiiona wanasema aah hii ya kompyuta hatuigusi. Wale wa kompyuta wanakuja na mashine yao wanatafuta tundu la kuchomeka, wanainama, wanainuka, wanapiga tochi, mwisho wanasema bosi hili ni la kabureta. Nimezungushwa hivyo mpaka nikampata mzee mmoja anayeiweka sawa kwa kusikiliza tu, na mzee mwenyewe hapokei simu, ukimtaka mfuate, ukimfuata hayupo.

Yote hayo nilimwambia dada wa watu. Simu inarekodiwa, wacha irekodi.

Nilipoishiwa pumzi nikamuuliza, dada, picha si nimekutumia, wewe mwenyewe kwa macho yako unaliona hili gari ni sifuri? Akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, siyo ile ya kazini, "Ni zuri sana, baba. Lakini hilo jicho moja limefanyaje?"

Jicho. Haya, hilo nalo tulizungumze. Hili gari taa za mbele zina vifuniko vya mistarimistari, vimelala juu ya taa kama kope, ukiwasha taa vinatakiwa vishuke vyote kwa pamoja taa zionekane. Kinachovivuta siyo mota wala waya, ni upepo unaonyonywa na injini, unapita kwenye vimpira vyembamba huko mbele. Sasa kimpira kikishakuwa na nusu karne kinakauka, unakishika kinapukutika mkononi, upepo unavuja, upande mmoja kope linashuka na upande wa pili limegoma, basi usiku gari zima linakonyeza. Napishana na watu wananipigia honi za ajabu. Juzi mama mmoja alinirudishia full.

Na usiniambie nikate kampira kokote nichomeke. Nimechomeka, kanafanya kazi vizuri tu, tatizo wakija wale waheshimiwa wa vitu orijino, wanafungua boneti bila kuomba ruhusa, wanakaona, wanavuta pumzi kupitia meno. Eti rangi ya mpira siyo. Mtu amekuja na gari la mkopo lina miezi sita, ananisahihisha rangi ya mpira! Nikiagiza huo wa kwao orijino, muuzaji wa spea huko Ulaya ananijibu jibu moja kila siku: "Una bahati, umebaki mmoja tu, wa mwisho." Kila kitu kwake ni cha mwisho. Nikinunua cha mwisho, wiki inayofuata amepata kingine cha mwisho.

Aliyeniuzia nisimsahau, picha zote alipiga upande wa kushoto. Nilikwenda na sumaku mfukoni, upande wa kushoto ikanata tiii, nikaenda kulia kule chini ya mlango ikateleza ikaanguka chini. Puti tupu, chuma hakuna. Tuliangalia ile sumaku pale chini wote wawili bila kusema kitu, halafu bei ikaanza kushuka yenyewe.

Kuazima ndio kabisa hatuazimani. Siyo uchoyo jamani, giaboksi ndiyo haitaki. Pale ambapo kwenye gari lako ni gia ya kwanza, kwangu ni rivasi, ya kwanza iko kushoto chini. Kijana wa kuosha magari nilimweleza vizuri, akasema bosi mimi naendesha kila kitu, akaingia, akaliwasha, akakanyaga V8 kwa madaha aondoke kwenda mbele. Ndoo ilikuwa nyuma. Tumeshalipana ya ndoo, yameisha.

Shangazi yangu alikaa kiti cha nyuma safari moja. Kiti kile kipo kwa sababu ya karatasi, walioandika ni gari la watu wanne walikuwa na ugomvi na hao wawili wa nyuma. Kuingia aliingia kwa hasira, kutoka tulimtoa kwa mipango, kiatu kikabaki. Tangu hapo akinipigia simu hanisalimii kwanza, anauliza, "Bado unalo?" Shikamoo yangu anaijibu mwishoni, akikumbuka.

Basi tumemalizana na dada hivi: gari limeingizwa kama MiTo yenye airbag mbili na sifuri nane, thamani imewekwa "itathibitishwa", na mimi natakiwa nipeleke picha nne za gari, zilizochapwa kwenye karatasi, ziwe na saini yangu, kwa sababu picha za kwenye simu mfumo hauziamini. Mfumo ulioniambia niongeze sifuri popote ndio hauamini picha.

Haya nimewasha printa. Imekaa inanguruma pale, ikajisafisha, ikavuta karatasi mbili kwa mpigo, ikazitapika, ikasema wino wa bluu umekwisha. Bluu ya nini? Gari la chungwa, barabara nyeusi, bluu iko wapi hapo? Nikabonyeza endelea hivyo hivyo. Ikasema njano nayo inakaribia. Nikabonyeza endelea. Imetoa picha ya kwanza sasa hivi, nzuri, kali, kila kitu kinaonekana mpaka ule mkunjo wa mlango, ila gari ni la pinki.

Na kwenye fomu tumeshaandika chungwa.