Kitanda kitupu si nafasi

Kila likizuka suala la wagonjwa wa akili kukaa siku mbili tatu idara ya dharura wakisubiri kulazwa, hutokea mtu na jibu lilelile: tutengeneze programu ituonyeshe hospitali ipi ina vitanda. Jibu hili linaniudhi. Jimbo la Virginia, Marekani, wamelijaribu, na mahali lilipokwama panajulikana.

Novemba 2013 Gus Deeds, kijana wa miaka 24, mwana wa seneta wa jimbo hilo Creigh Deeds, alishikiliwa kwa amri ya dharura ili atafutiwe kitanda. Sheria ilitoa saa 6 kwa jumla. Zikaisha bila kitanda, akarudi nyumbani. Kesho yake alimshambulia baba yake kwa kisu, kisha akajiua. Baadaye ikabainika kwamba ziko hospitali za jirani zilizokuwa na nafasi. Mwaka 2014 muda ukaongezwa kuwa saa 8, hospitali za serikali zikalazimika kumpokea aliyekosa kwingine, na rejista ya vitanda ya mtandaoni ikaanza.

Ilikuwa hatua njema, sikatai. Lakini sheria iliridhika taarifa zikisahihishwa walau mara moja kwa siku, na wodini siku ni ndefu mno. Daktari anaandika ruhusa saa 4 asubuhi, ndugu wanakuja kumchukua mgonjwa saa 12 jioni. Kitanda hicho ni kitupu au kimejaa? Chumba cha watu wawili kina mgonjwa mmoja asiyeweza kulala na mwenzake. Cha pili kinahesabiwa? Kitanda cha wodi ya wanawake hakimsaidii mwanamume, wala cha watu wazima hakimfai mtoto wa miaka 13. Na zamu ikipungukiwa wauguzi, vitanda vinafungwa ingawa magodoro yapo: Julai 2021 Virginia hiyohiyo ilisimamisha upokeaji wa wagonjwa wapya katika hospitali 5 kati ya 8 za serikali za wagonjwa wa akili watu wazima, kwa uhaba wa watumishi.

Kwa hiyo hesabu ifanywe mara tatu kwa siku: zamu zinapopokezana asubuhi na jioni, na baada ya raundi ya asubuhi. Ihesabu vitanda vyenye muuguzi tu, kwa jinsia na umri, saa ya taarifa ikionekana. Kitanda kilichoahidiwa kishikiliwe kwa dakika 60 kisha kiachiwe, la sivyo hospitali tatu zitatuma wagonjwa watatu kwenye kitanda kimoja.

Hata hayo yote yakifanyika, bado kuna jambo ambalo rejista ya vitanda haiwezi kulionyesha: kukataliwa. Wodi ina nafasi, simu inapigwa, mgonjwa anaelezwa, jibu linakuwa hapana. Ni mjamzito. Anasafishwa figo. Ana ulemavu wa akili. Aliwahi kumpiga mhudumu. Vipimo vya damu havijakamilika. Nyingine ni sababu za haki kabisa, kwa maana wodi isiyo na daktari wa magonjwa ya mwili usiku haipaswi kumpokea mtu mwenye sukari iliyopanda. Lakini zisipoandikwa, hakuna atakayejua ni huduma gani inayokosekana, na mgonjwa yuleyule atakataliwa tena wiki ijayo.

Anayetaka kujenga mfumo kama huu kwa ajili ya hospitali ya akili kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi aanze na daftari la waliokataliwa: saa, wodi iliyoombwa, sababu, jina la aliyejibu simu. La karatasi linatosha. Alijaze miezi mitatu kabla hajanunua kompyuta hata moja.