Mzee Wangu, Unalalaje?

Leo ni siku ya tatu naitikia salamu kwa kugeuza mwili mzima, kama kabati linalohamishwa, na baiskeli za hapa Ngamiani, Tanga, ambazo mwenye shingo nzima huzikwepa kwa jicho moja tu, zimekwishanigonga kiwiko mara mbili. Aliyenifikisha hapa ni mto wangu wa sufi, uliojikusanya madonge upande mmoja ukaacha foronya tupu upande wa pili.

Nikaingia dukani na kanzu yangu, kwa heshima zote, nikaomba mto wa kushika shingo. Kijana wa duka akaniuliza, "Mzee wangu, unalalaje?" Nikamjibu kwamba nalala usiku. Akasema anataka kujua kama nalala chali, ubavu au kifudifudi, kwa kuwa alalaye ubavu huhitaji mto mnene wa kujaza nafasi iliyopo kati ya sikio na bega, wa chali humtosha wa wastani unaoijaza shingo bila kukisukuma kichwa mbele, na wa kifudifudi ni heri achukue mwembamba au asichukue kabisa, maana shingo yake imekwishapinda. Mimi hulala kwa mitindo yote mitatu, kutegemea joto, mbu na umeme.

"Basi lala tuone," akasema, akatandika mkeka kwenye benchi la wateja. Nami, mtu mwenye wajukuu, nikalala ubavu mchana kweupe, mlango wazi. Akapiga magoti, akafumba jicho moja kama mwashi anayepima tofali, akatangaza kwamba pua yangu haikulingana na kifua. Watu wakasimama. Muuza mihogo akanishauri nikunje magoti. Mtu wa baiskeli akashuka kabisa, akaegesha. Mto wa kwanza ukashindwa, wa pili ukashindwa, na wa tano, wa sponji zito linalobonyea polepole, ulinikolea hata nikasinzia, na nasikia nilikoroma.

Nilipotajiwa bei, shingo iligeuka yenyewe.

Sokoni Mgandini niliona mito ya vipandevipande vya sponji, nikapita. Mke wangu, ambaye hulalia mkono wake mwenyewe na hajaumwa popote, anataka niufumue ule wa sufi, niuchambue na kuuanika. Jua la Tanga hili, na shingo hii! Nimeviringisha taulo, nikalitia ndani ya foronya, likae chini ya shingo. Linanishika vizuri sana, ila kila alfajiri kuna mtu anagonga mlango, amelowa, analiulizia.