Hamšík anapendwa kuliko alivyoshinda?

Kila jina la Marek Hamšík, kiungo wa zamani wa Slovakia, likitajwa lazima atokee mtu aseme huyu jamaa anapendwa kuliko alivyoshinda, na niseme ukweli, hoja yenyewe ina uzito. Miaka 12 Napoli ya Italia, mechi 520, halafu ukifungua kabati unakuta Coppa Italia mbili na Super Cup moja, ligi hamna. Msimu wa 2017/18 walifikisha pointi 91 na bado Juventus wakabeba. Scudetto, yaani ubingwa wa Italia, imekuja 2023 yeye kashaondoka zamani. Milan walimtaka 2011 akabaki, na wapo wanaoamini pale ndipo alipojifungia mlango mwenyewe. Mwisho 2019 akaenda China kwenye hela, basi wanauliza uaminifu gani huo.

Sawa. Ila hao wanampima kwa macho ya shabiki, mchezaji anayesimama naye uwanjani anaangalia vingine kabisa, anaangalia nikikimbia mpira utanifikia?

Rudini Lille, Euro 2016, Slovakia na Urusi. Dakika ya 32 Hamšík anapiga pasi ndefu toka nyuma huko, inamkuta mwenzake Weiss anatuliza, anamgeuza beki, bao. Kabla ya mapumziko kona fupi kushoto, anapokea mwenyewe, anaingia ndani na mguu wa kulia, anapiga unagonga mwamba wa mbali unazama wavuni. Yaani kwanza kamlisha mwenzake, ndo akafunga lake. Na Napoli ilikuwa hivyohivyo, washambuliaji kina Lavezzi, Cavani, Higuaín, Mertens, wote wamepita wamewaka yeye akiwa pale katikati, Higuaín akapiga mabao 36 msimu mmoja halafu akahamia Juventus, Hamšík kabaki.

Hata hivyo siwezi kuficha, Napoli chini ya kocha Sarri alikuwa anatolewa sana kipindi cha pili, na kuna mechi kubwa alipotea mpaka unamtafuta. Hilo wakosoaji wako sahihi na mimi liliniuma.

Lakini angalia hili. Calzona alikuwa msaidizi wa Sarri hapo Napoli, alimwona mazoezini kila siku, anamjua akiwa amechoka, akiwa hana raha. Alipokuja kuifundisha Slovakia na wachezaji wakaumia, 2023 akamwita Hamšík ambaye alishaaga timu ya taifa, ana miaka 35. Akaja. Kocha hakuiti kwa huruma kwenye mechi za kufuzu Euro bwana, anakuita kwa sababu vijana wakikuona vyumbani wanatulia.

Na lile la kusema hajawahi kushinda ligi si kweli tena, 2022 alibeba ya Uturuki na Trabzonspor, mji uliokuwa unaisubiri tangu 1984. Haifuti ya Napoli, najua, ile itabaki kumuuma hata yeye.