Riwaya za fitina za Roma zinamtendea haki mtumwa?

Waliosoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, huenda wanamkumbuka Pindarus. Ni mtumwa wa Cassius, mmoja wa waliomuua Julius Kaizari. Ni mateka aliyekamatwa katika nchi ya Waparthi, ambaye bwana wake alimwachia roho yake baada ya kumwapisha kwamba atatii kila atakaloamriwa. Mambo yanapomwendea kombo Cassius katika vita vya Philippi, anamkabidhi Pindarus upanga uleule uliomuua Julius na kumwamuru amchome nao. Pindarus anatii. Anasema sasa yu huru, ingawa asingekuwa huru kwa njia hiyo kama angethubutu kufuata matakwa yake, halafu anatorokea mahali ambapo hakuna Mroma atakayemwona. Haonekani tena jukwaani.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki ambaye Shakespeare alichota kwake kisa hiki, ana jambo ambalo tamthilia haikulichukua. Kichwa cha Cassius kilikutwa kimetengana na kiwiliwili, Pindarus hakuonekana tena, na kwa sababu hiyo wapo walioshuku kwamba alimuua bwana wake bila amri yoyote. Shakespeare alimchagua mtumwa mtiifu. Mwandishi mwingine angeweza kumchagua mtumwa aliyeuona mwanya akautumia, na ushahidi usingemzuia.

Ugomvi kuhusu riwaya za watumwa na fitina za ikulu ya Roma unaanzia hapo. Kumbukumbu tulizonazo ziliandikwa na mabwana. Nani basi ana haki ya kumjazia mtumwa nia yake, na anamjazia kwa faida ya nani?

Wanaozilaumu riwaya hizi wana hoja nzito. Zisome chache tu, utaona mtumwa amepewa kazi zilezile. Anasikiliza nyuma ya pazia, anapeleka barua, anatia sumu kwenye chakula. Akiwa kijakazi mzuri wa sura, bwana anampenda naye anampenda bwana, na mapenzi hayo yanafuta swali la kama aliwahi kuwa na nafasi ya kukataa. Katika Quo Vadis ya Mpolandi Henryk Sienkiewicz, iliyotoka kama kitabu mwaka 1896, Eunice, kijakazi wa Petronius, mtu wa ikulu ya Kaizari Nero, anampenda bwana wake kiasi cha kuibusu sanamu yake kwa siri. Anapotakiwa kupelekwa kwa mtu mwingine anaomba abaki, hata kama ni kwa kuchapwa. Mwishoni Petronius anapokata mishipa yake kuikwepa hasira ya Nero, Eunice anakufa pamoja naye kwa hiari.

Ni ukurasa wa kutoa machozi. Sasa mfungue Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaposimulia kifo cha Petronius halisi mwaka 66. Petronius alikata mishipa, akaifunga, akaifungua tena, huku akizungumza na marafiki na kusikiliza mashairi mepesi. Katikati ya hayo baadhi ya watumwa wake aliwapa zawadi, na wengine akawachapa viboko. Mtu ana saa chache za kuishi, na kati ya mambo anayoona hayafai kuachwa kiporo ni viboko vya watumwa wake! Sentensi hiyo moja inanieleza nyumba ya Petronius kuliko mapenzi yote ya Eunice.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema watunzi wawaachie wanahistoria mambo haya. Wanahistoria wenyewe wanategemea nini? Tacitus alikuwa seneta. Pliny Mdogo, aliyetuachia barua zake, alikuwa seneta pia. Wote wawili waliwadharau watumwa walioachwa huru ambao Kaizari Claudius aliwapandisha vyeo. Pliny alipopita kaburi la Pallas, aliyekuwa mshika hazina wa Claudius, akasoma jinsi Seneti ilivyompa heshima za praetor, yaani hakimu wa ngazi ya juu, pamoja na sarafu za sesterce milioni 15, alipandwa na hasira kiasi cha kuandika barua mbili, wakati Pallas alikuwa amekufa miaka mingi. Pallas alizipokea heshima akazikataa fedha, na hata kule kukataa kulimchoma Pliny. Nduguye Pallas ni yule Feliki, liwali aliyesikiliza kesi ya Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 24. Tacitus anasema Feliki alitawala kwa mamlaka ya mfalme na tabia ya mtumwa, tusi ambalo kwa wasomaji wake halikuhitaji maelezo. Anayeandika habari za ikulu ile bila kubuni chochote huishia mara nyingi kulirudia tusi hilo kwa lugha ya kitaaluma.

Mwaka 43 askari waliogoma kuvuka bahari kwenda kuivamia Britania walitumiwa Narcissus, katibu wa Claudius na mtumwa wa zamani, awabembeleze. Alipopanda kusema nao wakampigia kelele, "Io Saturnalia!", kwa kuwa katika sikukuu ya Saturnalia watumwa walivaa nguo za mabwana na kuigiza ubwana. Kisha wakamfuata jemadari wao kwa hiari. Mwanahistoria Cassius Dio anatusimulia kicheko cha askari. Kilichopita moyoni mwa mtu aliyesimama pale juu, mbele ya maelfu, akikumbushwa alikotoka, hatusimulii. Hapo mwanahistoria mwaminifu hana budi kunyamaza, na mtunzi anaweza kuendelea.

Tena fitina yenyewe si chumvi ya watunzi. Ndivyo ikulu ilivyoendeshwa. Mwaka 48 Messalina, mke wa Claudius, alifunga ndoa na Gaius Silius huku mumewe yuko Ostia, bandari ya Roma. Narcissus alitaka Kaizari aambiwe, ila asiwe yeye wa kwanza kufungua mdomo. Akawatumia wanawake wawili, vimada wa Claudius, kwa zawadi na ahadi na kwa kuwaonyesha kwamba mke akianguka wao watapanda. Calpurnia alipiga magoti mbele ya Kaizari faraghani, akalia kwamba Messalina ameolewa na Silius. Papo hapo akamgeukia Cleopatra, aliyekuwa amesimama tayari kwa kazi hiyo, akamuuliza kama naye hajasikia. Cleopatra akaitikia. Calpurnia akaomba Narcissus aitwe. Kila mmoja alijua zamu yake, na aliyepanga zamu hizo alikuwa mtumwa zamani. Siku ile Narcissus alikabidhiwa kikosi cha ulinzi, na ndiye aliyeagiza Messalina auawe kabla moyo wa Claudius haujalainika.

Calpurnia na Cleopatra wakishamaliza kazi, Tacitus anawaacha. Walipata walichoahidiwa? Walilala usingizi usiku ule? Ukiwaondolea watunzi haki ya kuuliza maswali haya, wanawake hawa wanabaki milele katika mstari mmoja wa fitina ya mtu mwingine.

Kwetu sisi, suala hili haliko mbali. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa visiwani mwaka 1897. Msomaji wa pwani akikutana na wajoli, wazalia na masuria ndani ya riwaya ya Roma hahitaji kuelezwa mahusiano hayo yalivyo. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba Roma haikufuata rangi katika utumwa. Mgiriki, Mgaul, Mthrace na Msiria wote waliuzwa, na mwana aliyezaliwa baada ya mzazi kuachwa huru kwa utaratibu wa kiraia alikuwa raia kamili. Mtunzi akiliruka hili, msomaji wetu atasoma Zanzibar au Marekani mahali pa Roma.

Sasa nirudi upande wa lawama, maana kuna lawama moja ambayo naiona nzito kuliko ile ya mapenzi.

Riwaya ya fitina inategemea imani kwamba mtumwa anajua kila kitu. Ndiye jicho la nyumba, ndiye sikio la ukuta. Imani hiyo inampa nguvu, na msomaji anaifurahia. Ila katika Roma halisi imani hiyohiyo ndiyo iliyomtesa. Ushahidi wa mtumwa ulipokewa mahakamani ukiwa umetolewa chini ya mateso. Dhidi ya bwana wake mwenyewe kwa kawaida hakuruhusiwa kushuhudia, kwa hiyo mwaka 16, Kaizari Tiberius alipomwandama Libo Drusus, kijana wa ukoo mkubwa, aliamuru watumwa wa Libo wauzwe kwanza kwa wakala wa hazina. Wakishakuwa si wa Libo tena, wanaweza kuteswa ili wamseme. Hiyo ni fitina ya ikulu iliyokamilika. Lakini mtumwa ndani yake hapangi lolote. Anauzwa ili apigwe, kwa sababu anadhaniwa anajua.

Mwaka 62 Nero alitaka kumwondoa mkewe Octavia, naye mke akazuliwa uzinzi na mpiga filimbi wa Alexandria. Vijakazi wake wakateswa. Mmoja wao, wakati Tigellinus, mkuu wa walinzi wa Nero, akimbana, alimjibu kwamba tupu ya bibi yake ni safi kuliko kinywa chake Tigellinus. Jibu hilo limedumu karibu miaka elfu mbili, na linastahili. Lakini Tacitus anasema pia kwamba wapo walioshindwa na maumivu wakaukubali uongo. Mtunzi humkimbilia yule jasiri. Sijui kwa nini wale waliovunjika wasiwe na riwaya yao, maana waliishi na maneno yale baada ya Octavia kuuawa mwaka huohuo, na wala hawakuwa wabaya kuliko mwenzao.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha mwaka 61. Pedanius Secundus, mkuu wa mji wa Roma, aliuawa nyumbani kwake na mtumwa wake mmoja. Tacitus anataja sababu mbili zilizosemwa: ama Pedanius alikuwa amekubaliana naye bei ya uhuru kisha akamnyima, ama wawili hao waligombea kijana mmoja. Desturi ya kale ilitaka watumwa wote walioishi chini ya paa lile wauawe. Walikuwa 400. Watu wa kawaida wa mjini walikusanyika kuwatetea, na hata ndani ya Seneti walikuwapo walioona adhabu imezidi. Akasimama Gaius Cassius, mwanasheria mkubwa wa zama zake na wa ukoo wa yule Cassius wa Philippi, akauliza: inawezekanaje mtumwa akapanga kumuua bwana wake, akavuka walinzi, akaingia chumbani na taa na silaha, bila mwenzake yeyote kujua? Hao wenye mila ngeni, au wasio na mila kabisa, alisema, hawazuiliki ila kwa hofu. Seneti ikamkubalia. Umati ukashika mawe na mienge, Nero akapanga askari njia nzima, na 400 wakapitishwa kwenda kufa bila kujali umri wala jinsia. Seneta mmoja akataka hata walioachwa huru waliokuwamo nyumbani humo wafukuzwe Italia. Nero akakataa hilo la mwisho.

Iangalie tena hoja ya Cassius. Watumwa wananong'onezana, nyumba nzima inajua, hakuna siri ukumbini. Ni kanuni ileile inayoendesha riwaya ya fitina. Mtunzi anaitumia kumpa mtumwa akili na nafasi, seneta aliitumia kuwaua watu 400. Kwa hiyo mtunzi anayemfanya kijakazi asikie kila kitu nyuma ya pazia ana deni. Atuonyeshe pia yule anayeondoka ukumbini makusudi, anayepiga chafya ili wajue yupo, anayemkataza mwanawe kurudia maneno ya mezani. Katika nyumba ambayo kujua kunaweza kuwaua wajoli wako wote, kutojua kulikuwa ujuzi mkubwa kuliko udukuzi wowote. Riwaya inayomuonyesha mtumwa wa namna hiyo ningeitetea mbele ya mwanahistoria yeyote. Inayomgeuza mpelelezi shupavu asiyepatwa na lolote siwezi kuitetea, hata ikiwa imetafiti kila kitambaa na kila bakuli.

Na mtunzi asiseme kwamba hana pa kuchota. Epictetus, mwanafalsafa, alikuwa mtumwa wa Epaphroditus, ambaye naye alikuwa ameachwa huru, akawa mmoja wa makatibu wa Nero, na ndiye aliyemsaidia Nero kujiua mwaka 68. Epictetus alisimulia kwamba Epaphroditus alikuwa na mtumwa fundi viatu, akamuuza kwa kuwa hana faida. Fundi yule akanunuliwa na mtu wa nyumba ya Kaizari, akawa mshona viatu wa Kaizari mwenyewe. Hapo Epaphroditus akabadilika. Akawa anamuulizia kwa unyenyekevu, hajambo Felicio mwema? Na mgeni akija kumwona Epaphroditus anaambiwa asubiri, bwana yuko ndani anashauriana na Felicio.

Hakuna sumu humo wala pazia, lakini ikulu nzima imo: bei ya mtu, woga wa mkubwa, bahati ya fundi aliyekuwa takataka jana. Aliyeyaona alikuwa mtumwa ndani ya nyumba hiyohiyo, na ameyasema mwenyewe kwa wanafunzi wake. Mmoja wao, Arrian, aliyaandika, na vitabu vinne kati ya vile alivyoandika vimesalia. Watunzi wengi huanza na Suetonius, mwandishi wa maisha ya Makaizari, kwa ajili ya kashfa. Ningependa kusoma riwaya ya mtu aliyeanzia kwa Epictetus, na ambayo Felicio ndiye anayeisimulia.