Jino la simba

Ukishajulikana ukweni kuwa unajua kukisia umri wa visu vya zamani, huna raha tena. Wakwe wengine huulizwa habari za kazi. Mimi naulizwa habari za chuma.

Safari hii zamu ilikuwa ya baba mkwe mwenyewe. Aliweka mezani kisu cha kuwindia kikiwa ndani ya ala ya ngozi, akakaa sawasawa, akakohoa.

"Mkwe, hiki ni cha babu yangu. Mwaka 1890. Kiangalie, kisha uwaambie hawa."

Hawa ni mashemeji, ambao walikwisha kuzunguka meza.

Nikakichomoa, na papo hapo nikatamani homa inipande. Bapa lilikuwa limeandikwa Puma, ambalo ni jina la kiwanda, likaandikwa White Hunter, jina la aina ya kisu, tena Solingen, Germany, mji wa kiwanda hicho. White Hunter ilianza kutengenezwa 1956. Hapo sikuhitaji hata lenzi, lakini niliitoa, maana lenzi humpa mtu muda wa kutafuta maneno.

Nikaanza kwa upole. Kwenye kinga ya mkono, kile kipande cha chuma kinachozuia vidole visiteleze kwenda kwenye makali, palikuwa na namba ndogo. Puma walianza kugonga namba za namna hiyo 1964. Ukiwa na jedwali lake, unapata mwaka kisu kilipotengenezwa na hata robo ya mwaka.

"Baba, namba hii..."

"Namba ya babu jeshini," akanidakia. "Usiisome kwa sauti."

Nikamwonyesha nyingine, 6377, ambayo ni namba ya aina ya kisu. Ndiyo namba ya White Hunter.

"Na hiyo?"

"Ya bunduki yake."

Nikaona nipitie mlango wa nyuma. Nikamwambia kwamba Puma ni wakongwe mno, wapo tangu 1769, kwa hiyo jina la kiwanda peke yake haliwezi... Sikufika mbali.

"Mmesikia?" akawageukia wanawe. "Elfu moja mia saba sitini na tisa! Mimi nilisema 1890 kwa unyenyekevu tu."

Kisha akaweka kidole kwenye bapa. Palikuwa na kishimo cha mviringo, kidogo sana, kingo zake safi, ukikipapasa kwa ukucha unakisikia. "Na hapa ndipo simba alipoking'ata kisu. Babu aliingiza mkono mzima kinywani."

Kwangu mimi, hakuna kitu kizuri kwenye visu hivi kuliko kishimo hicho. Kiwandani, chuma kikishapashwa moto na kupozwa, hubonyezwa kwa ncha ya almasi yenye umbo la pia, kwa uzito maalumu. Mashine hupima ncha imezama kiasi gani, na hapo ugumu wa chuma hujulikana. Kipimo kinaitwa Rockwell. Hataza yake ilitolewa 1919. Muuzaji asiyejua hukiita dosari akapunguza bei, na mnunuzi anayejua hunyamaza akalipa haraka. Nikayaeleza yote hayo, neno kwa neno.

"Kwa hiyo, baba, ni alama ya kupima ugumu."

Akafikiri kidogo. "Basi simba alikuwa anapima ugumu."

Aliyenisikiliza kwa makini ni shemeji mdogo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Katika maelezo yangu yote alishika neno moja tu: dosari. Usiku, sisi tumelala, akaona amfanyie baba yake jambo. Ana grinda, na ana moyo wa huruma. Viwili hivyo havifai kukaa ndani ya mtu mmoja.

Asubuhi kisu kilikuwa kinang'aa kiasi cha kukitumia kujitazama unyoe ndevu. Kishimo hakuna. Puma hakuna. White Hunter imebaki "ite Hun". Solingen imeondoka na Ujerumani yake. Ule ukijivu uliotulia kwenye chuma kwa miaka na miaka, ambao mpenzi wa visu hathubutu kuugusa hata kwa kitambaa, umekwenda na vumbi la jiwe. Mpini nao umeguswa: una kovu jeupe linalonuka nywele zilizoungua. Angalau tulipata uhakika kwamba ile ni pembe ya kweli, maana plastiki ingenuka plastiki.

"Jino!" baba mkwe akapiga kelele. "Jino la simba liko wapi?"

"Kishimo!" nami nikajikuta nimeshika kichwa.

Tukawa kama wafiwa wawili kwenye kaburi moja, kila mtu akimlilia maiti wake. Shemeji amesimama na grinda mkononi, hajui amwombe radhi nani kwanza.

Mara baba mkwe akanyamaza. Akakigeuza kisu kwenye mwanga, huku na huku. Chapa hakuna, mji hakuna, nchi hakuna. Iliyopona ni ile namba ya kwenye kinga ya mkono, na hiyo ilikwisha kuwa mali ya jeshi.

"Sasa," akasema taratibu, "yupo wa kuthibitisha kwamba hiki si cha 1890?"

Nikafungua mdomo. Binti yake akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Hayupo, baba."

"Vizuri." Akamgeukia mwanawe. "Wewe, lete nyundo na msumari. Na wewe mkwe, si ndiye mtaalamu? Njoo uonyeshe. Simba aling'ata upande gani?"