Bi Mkubwa Kwenye Kikao cha Bajeti

Nafuga buibui mrukaji. Watu wakisikia huuliza kwanza kama akili yangu iko sawa, kisha kama anauma. Hana makuu. Mwili mzima unaenea juu ya ukucha wa kidole gumba, na hatandi utando wa kunasia inzi kama wale wa pembeni mwa dari. Huyu huwinda kwa macho: ananyatia, anaruka, anakamata. Macho anayo 8, na yale mawili makubwa ya mbele yakikukazia, unaanza kujichunguza umekosa nini. Jina la Bi Mkubwa alijipatia mwenyewe.

Juma lile alikuwa amesusa kula. Alijifungia kwenye kijumba chake cha hariri, alichokisuka juu kabisa ya boksi, na inzi niliyemtilia akawa anajitembelea mle ndani kama mpangaji. Wafugaji tunajua hiyo si hasira. Ni kujiandaa kujivua gamba. Nikamtoa inzi, nikawa naacha tone la maji tu.

Asubuhi ya kikao cha bajeti, cha mtandaoni, nikamkuta yuko nje. Gamba la zamani kalitelekeza ndani, yeye kasimama mlangoni, mpya, manyoya yanang'aa, na njaa ya siku zote zile. Nikafungua kamlango ka ubavuni nimpe maji kwa ncha ya brashi. Maji hakuyatazama. Akarukia mkono wangu, akapanda hadi begani, na papo hapo kompyuta ikaita. Mkuu wa idara na wajumbe wote wako hewani.

"Haya, tufungulie hilo jedwali," akasema mama wa watu.

Nikalifungua, nikapeleka kishale kwenye mstari wa kwanza. Bi Mkubwa akateremka mkono, akakatiza kibodi, akajigeuza mwili mzima kukabili skrini. Kitu kidogo, cheusi, kinatembea kwenye uwanja mweupe! Kwa akili ya buibui mwenye njaa, hapo hapahitaji mjadala.

"Kama mnavyoona, upande wa safari..."

Akapanda kioo. Kilichofuata nimekitazama mara nyingi, na siku nyingine hunifurahisha sana. Kwanza hutulia. Anajibana chini, anabandika uzi wa hariri pale aliposimama, maana haruki bila kamba ya usalama. Miguu ya mbele inanyanyuka kidogo. Halafu damu inasukumwa kwa ghafla ndani ya miguu ya nyuma, inanyooka, na mtu yuko hewani. Alitua juu ya posho za safari. Nikakikimbiza kishale hadi kwenye mafuta. Akaruka. Nikakishusha kwenye matengenezo. Akaruka tena, safari hii akateleza, akaning'inia kwenye uzi wake, akaupanda upya bila aibu.

Wajumbe hawakumwona. Walichoona ni jedwali, na kishale kinachohangaika kama kina deni.

"Mbona unaruka vifungu?" akauliza mkuu.

"Siruki mimi, mama."

"Anaruka nani?"

Nikanyamaza. Bi Mkubwa, alipoona mawindo hayashikiki, akapanda juu zaidi, akajikalia kwenye kamera.

"Samahani," mhasibu akasema taratibu, "kamera yako imeota nywele?"

Kabla sijajibu akaruka kuja kwangu. Kamera ikawa wazi, na kikao kizima kikamshuhudia akitua kwenye miwani yangu. Mmoja alipiga yowe, mwingine akatoweka hewani na kiti chake. Mimi nilikaa kama sanamu. Ukimkung'uta akiwa ametoka kujivua gamba juzijuzi unaweza kumuumiza, na nisingemtoa kafara kwa ajili ya posho.

Kimya. Kisha mkuu wa idara akasogea karibu na skrini yake. "Huyo ananitazama mimi?"

Kiongozi mwoga angefunga kikao. Huyu alitaka maelezo, nami nikayatoa kwa kunong'ona, miguu 8 ikiwa mbele ya jicho langu la kushoto. Kwamba sumu anayo ya kumlaza inzi, si mtu. Kwamba dume humchezea jike ngoma, miguu juu, na asipopendeza anaweza kuliwa. Hapo wanawake kikaoni waliomba nirudie.

"Mbu je, wanakula?" akauliza mzee wa stoo.

Nikamwambia yupo wa jamii hiyo hiyo kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, Evarcha culicivora, anayependelea mbu aliyeshiba damu. Nikaongeza, na hapa ulimi ulinitangulia, kwamba watafiti walimjaribu wakakuta anavutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa.

Wote wakamgeukia mzee wa stoo. Soksi zake zinajulikana idara nzima.

Bajeti ilipita, matengenezo na yote, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Bi Mkubwa nilimrudisha kwake kwa kumchezeshea ncha ya brashi, nikamtilia inzi, akamkamata hata kabla sijafunga kamlango.

Muhtasari ulipotoka, chini ya Mengineyo katibu aliandika: "Wajumbe walielimishwa kuhusu buibui." Mzee wa stoo amewasilisha pingamizi kwa maandishi. Anataka ijulikane kwamba suala la soksi halikuwa kwenye ajenda.