Malkia katika gauni la melimeli: picha ya 1783 na hukumu iliyoibeba

Agosti 1783, waliokwenda kutazama Salon, maonyesho makubwa ya sanaa, katika kasri la Louvre mjini Paris waliikuta ukutani picha ya malkia wao, Marie-Antoinette, mke wa mfalme Louis XVI, akiwa amevaa gauni jeupe la melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, lililofungwa kiunoni kwa kitambaa chepesi cha rangi ya dhahabu, kichwani kofia pana ya mabua, mkononi ua la waridi. Hakuvaa taji, lulu wala kito chochote. Watu wakasema malkia amejichoresha akiwa na shimizi, na manung'uniko yakapanda kiasi kwamba picha hiyo, kazi ya Élisabeth Vigée Le Brun, iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine. Tangu siku hizo imezoeleka kuielezea kama kosa la mwanamke aliyesahau cheo chake. Wanaoshikilia hukumu hiyo wana hoja za kweli, nami nitazieleza kwa haki yake; lakini kadiri picha za malkia huyu zinavyotazamwa kwa pamoja, ndivyo inavyokuwa vigumu kuamini kwamba melimeli ndiyo iliyomponza.

Tuanze na upande wa lawama. Sheria za Ufaransa hazikumruhusu mwanamke kurithi kiti cha enzi, hivyo kazi ya malkia ilikuwa kuzaa warithi na kuonekana. Picha yake ilikuwa chombo cha dola kama muhuri au sarafu, na mchoraji hakuwa na uhuru wa kumvua alama za dola hiyo kwa sababu tu mwenyewe alipenda nguo nyepesi. Pili, kulikuwa na riziki za watu. Kila gauni rasmi la hariri lilikuwa kazi kwa wafumaji wa Lyon, watarizi na washona lesi, ilhali melimeli ilitoka India, na nyingine ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiingereza, wapinzani wa siku zote wa Ufaransa. Malkia mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Vienna, na wengi hawakuacha kumwita Mwaustria. Tena unyenyekevu wa gauni lile haukuwa wa bure: mwaka huo huo wa 1783 ulianza ujenzi wa kijiji cha mapambo karibu na Petit Trianon, kasri dogo la malkia katika bustani za Versailles, ambako maisha ya kishamba yaliigizwa kwa gharama ya hazina ya mfalme. Mfumaji wa Lyon aliyeyatazama hayo kwa uchungu alikuwa na sababu, na sioni haki ya kumbeza.

Hata hivyo, hoja ya itifaki inakwama mara tu tunaporudi nyuma miaka 35. Mwaka 1748 Jean-Marc Nattier alimchora Marie Leszczynska, mke wa Louis XV, na malkia huyo alitaka mwenyewe aonyeshwe katika mavazi ya kawaida ya mjini. Anaonekana ameketi na gauni jekundu lenye manyoya pembeni, kilemba cha lesi kichwani, mkono ukiwa juu ya Injili iliyofunguliwa. Picha hiyo ilisifiwa, na hakuna aliyelia kwamba heshima ya taji imevunjwa. Tofauti basi iko wapi? Marie Leszczynska alikuwa na miaka 45, amezaa watoto kumi, na mbele yake kuna kitabu kitakatifu. Marie-Antoinette alikuwa na miaka 27 na mkononi ana waridi. Umri na uchaji vilimpa wa kwanza kibali cha kuvaa apendavyo. Wa pili, kijana na mgeni, alinyimwa. Hapo linaloamuliwa ni nani anaruhusiwa kuonekana kama mtu, na itifaki inatumika kama kisingizio.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni picha iliyotundikwa badala ya ile ya kwanza. Ziweke mbili hizo sambamba. Uso ni ule ule, umegeuzwa kwa namna ile ile. Mikono inafunga utepe kwenye waridi kama mwanzo. Vigée Le Brun alibadili hasa mavazi: hariri ya rangi ya samawati iliyopauka, lesi tele, na lulu shingoni na mikononi. Walionuna wakatulia. Kama picha ya kwanza ilikuwa imefunua tabia mbaya ya malkia, tabia hiyo ilipaswa kubaki katika uso ambao haukuguswa.

Tena ni vyema kumkumbuka aliyeshika brashi. Vigée Le Brun, aliyezaliwa 1755 kama malkia mwenyewe, alikuwa amepokewa katika Akademia ya kifalme ya sanaa tarehe 31 Mei mwaka ule ule, baada ya malkia kuingilia kati, kwa kuwa mumewe alifanya biashara ya picha na kanuni zilikataza jambo hilo. Wanawake walioruhusiwa humo hawakuzidi wanne. Salon ya 1783 ilikuwa ya kwanza kwake, na waliochukizwa na kuingia kwake walipata katika gauni lile njia rahisi ya kuwapiga wanawake wawili kwa pigo moja.

Wapo wanaosema kwamba yaliyotokea mwaka uliofuata yaliwathibitishia walalamikaji kuwa walikuwa sahihi, na hapa panahitaji subira. Usiku mmoja wa Agosti 1784, katika bustani ya Versailles, Kadinali de Rohan alikutana gizani na mwanamke ambaye yeye alimdhani kuwa ni malkia. Alikuwa Nicole Le Guay d'Oliva, aliyepangwa na tapeli Jeanne de La Motte. Walimvika gauni jeupe la melimeli, mtindo ule ule wa picha iliyoondolewa Louvre, na alichotakiwa kumkabidhi kadinali kilikuwa ua la waridi. Kutokana na maigizo hayo kadinali alijiingiza katika ununuzi wa mkufu wa almasi wenye thamani ya livre 1,600,000 (livre ilikuwa fedha ya Ufaransa ya wakati huo), akidhani anamnunulia malkia, na almasi zikaishia kwa matapeli. Wakosoaji husema: tazama, malkia alipojivua alama za enzi alijifanya mwepesi wa kuigizwa, nani angeweza kuigiza taji na joho la kifalme kichakani?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inakitwika kitambaa kosa la watu. Rohan alikuwa na hamu ya kurudishiwa upendeleo wa malkia, aliyemchukia tangu Rohan alipokuwa balozi Vienna, na hamu hiyo ndiyo iliyomfumba macho. Zaidi ya yote, itazame hukumu. Mei 1786 mahakama ya Parlement ya Paris ilimwachia huru kadinali. Maana yake ni kwamba majaji waliona si ajabu mtu mwenye akili zake kuamini kuwa malkia wa Ufaransa angekutana na mwanamume usiku bustanini. Imani ya namna hiyo haikuzaliwa na turubai iliyoonekana kwa muda mfupi tu. Ilikuwa imelishwa kwa miaka na vijitabu vya matusi na masengenyo ya wakuu wa ikulu wenyewe. Picha iliwapa mavazi ya kuivisha.

Serikali ya mfalme nayo iliamini kwamba dawa ni picha nyingine. Iliagiza turubai kubwa yenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, na mchoraji akawa yule yule. Safari hii malkia amevaa mahameli nyekundu yenye manyoya, amezungukwa na watoto, na nyuma yake linaonekana kabati la vito, kana kwamba anasema vito vyake halisi ni hawa. Mrithi wa kiti, Louis-Joseph, ananyooshea kidole kitanda cha mtoto mchanga kilicho kitupu, kwa sababu Sophie, aliyekuwa hajatimiza mwaka, alifariki Juni 1787. Kila walichodai wakosoaji wa 1783 kimo humo: kitambaa kizito, uzazi, utulivu, hata msiba. Lakini Salon ya 1787 ilipofunguliwa, mchoraji aliogopa kuileta mapema, fremu ikabaki tupu ukutani, na, kama alivyosimulia katika kumbukumbu zake za uzeeni, mtu mmoja akapaza sauti: "Hiyo hapo nakisi!"

Neno hilo, nakisi, yaani upungufu wa fedha katika hazina, linastahili kupimwa kwa hesabu, maana malkia alikwisha kubandikwa jina la Bibi Nakisi. Katika hesabu za hazina za 1788, kati ya matumizi ya takriban livre milioni 629, riba na malipo ya madeni yalikula takriban milioni 318, yaani nusu nzima. Ikulu yote, pamoja na mfalme, ndugu zake na watumishi, ilichukua kiasi cha milioni 35, karibu asilimia 6. Vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza peke yake viligharimu zaidi ya livre milioni 1,000. Asilimia 6 si kidogo kwa mkulima anayekosa mkate, na malkia alitumia ovyo, hilo halina ubishi. Lakini hata angevaa gunia tangu 1774 alipokuwa malkia, deni lingebaki pale pale. Umma ulihitaji uso wa kulibebesha deni hilo, na wa malkia ndio uliokuwa ukutani.

Ndiyo maana naona picha ya 1787 ndiyo inayoiondolea lawama ile ya 1783. Kama ubaya ungekuwa kwenye melimeli, mahameli ingeuponya. Leo mgeni wa Versailles huonyeshwa picha ya hariri na ile ya mahameli, zile mbili zilizotengenezwa kuwaridhisha walalamikaji, wakati ile ya melimeli ni mali ya mfuko wa familia ya Hessen nchini Ujerumani, na nakala yake iko Washington. Anayetaka kumhukumu malkia huyu kwa picha zake ana wajibu wa kuitafuta kwanza hiyo ya tatu.